Babu ana neno, wewe una simu

Hebu chukua simu yako utafute "chuma Ufipa". Ukimaliza, futa, andika "ilungu". Swali ni lilelile, ila la pili linaulizwa na mtu aliyewahi kusimuliwa.

Ilungu (wingi malungu) ni tanuru la udongo ambalo Wafipa walitumia kuyeyushia chuma, refu kuliko mtu, kama mita 3 hivi. Halikuhitaji mivukuto. Hewa ya moto ilipanda juu, na hewa baridi ikavutwa ndani kupitia matundu ya chini, kama inavyotokea kwenye dohani. Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado na takataka, kwa hiyo kilisafishwa kwenye tanuru dogo, kintengwe. Hapo ndipo mivukuto ilipofanya kazi.

Vyuma vya dukani vilipoingia, malungu yakazimwa. Mwaka 1937 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha makala ya R. C. H. Greig kuhusu kazi hiyo. Kwa hiyo maandishi yapo, lakini ni ya Kiingereza. Kijana wa Sumbawanga anayetafuta kwa Kiswahili, bila jina la tanuru, anaweza kuyapita bila kujua.

Watafiti wameliona jambo hili kwingine. Mwaka 2009 Ryen White, Susan Dumais na Jaime Teevan wa Microsoft walilinganisha wataalamu na wasio wataalamu katika tiba, sheria, fedha na kompyuta. Wataalamu waliandika maswali marefu zaidi, yenye maneno ya fani yao.

Na umri je? Mwaka huohuo Jessie Chin na wenzake, nchini Marekani, waliwapa vijana na wazee kazi za kutafuta habari za afya. Kinachotafutwa kilipotajwa wazi, vijana walishinda. Kilipoelezwa kijuujuu tu, wazee ndio waliofanya vizuri zaidi, maana waliongozwa na wanachokijua tayari.

Sasa rudi Ufipa. Wewe una kasi ya vidole, babu ana maneno, na wenye maneno hayo wanazidi kupungua. Ukienda likizo Sumbawanga, Nkasi au Kalambo, mpe shikamoo yake, kisha muulize: tanuru mliliitaje? Mawe yake je? Fundi wake je? Yaandike kama anavyoyatamka. Halafu ndiyo ufungue simu, mtafute pamoja.