Bawabu wa Chembe: Habari za Dawa ya Waba

Mwaka wa 1869 waba, ambao wengi wetu twauita kipindupindu, ulishuka kutoka bara kwa njia za misafara, ukapita nchi ya Wamasai hata Pangani, na kabla ya mwaka kwisha ulikuwa umekwisha vuka bahari na kuingia Unguja, ambako uliua watu kwa maelfu. Tabibu James Christie, aliyekuwa akikaa mjini zama hizo, aliifuatia njia ya maradhi hayo hatua kwa hatua katika kitabu kilichopigwa chapa London mwaka wa 1876. Njia aliijua, dawa hakuwa nayo. Na la ajabu ni kwamba nusu ya dawa ilikuwa imekwisha onekana miaka 37 nyuma, katika bandari ya Leith kule Uskoti, ikaachwa.

Desturi ya matabibu wa Ulaya wakati huo ilikuwa kumtoa damu mgonjwa ambaye damu yake imekwisha kuwa nzito kama lami, kisha kumnywesha zebaki na afyuni. Kijana mmoja wa miaka 22, William O'Shaughnessy, alikwenda Sunderland mwishoni mwa 1831, akaipima damu hiyo, akaona imepungukiwa na maji na chumvi. Mwezi wa Mei uliofuata, Thomas Latta wa Leith akamwendea bibi kizee aliyekuwa taabani, akamtia maji ya chumvi katika mshipa, kidogo kidogo, hata zikaingia painti sita. Macho yaliyozama yakang'aa, na mapigo ya moyo yakarejea. Latta akadhani kazi imekwisha, akaenda zake kupumzika. Mgonjwa akaanza kuhara tena, hakuongezwa maji, na baada ya saa tano na nusu akafa.

Latta mwenyewe alifariki mwaka wa 1833, na ufundi wake ukafifia, kwa kuwa maji yale hayakuwa safi wala kipimo chake hakikuwa sawa. Na katika jambo hili kipimo ndicho kila kitu. Utando uizungukao chembe ya mwili huyapitisha maji, lakini chumvi haiupenyi ila kwa milango maalumu, na maji huelekea upande wenye chumvi nyingi; hivyo chembe nyekundu ya damu ikitiwa katika maji matupu huyanywa hata ikapasuka, na ikitiwa katika chumvi kali hunywea kama embe la achari.

Basi kwa nini mgonjwa asinyweshwe tu maji ya chumvi? Wapo waliojaribu, yakapita matumboni kama mvua juu ya bati. Sumu ya waba huziamuru chembe za utumbo zimwage chumvi nje, na maji huifuata, na papo hapo mlango unaoingiza chumvi peke yake hufungwa. Lakini upo mlango mwingine, ambao Robert Crane aliueleza katika mkutano wa wataalamu huko Prague mwaka wa 1960, na bawabu wake ana sharti moja: hampokei sodiamu, iliyo sehemu ya chumvi, ila ameshikana mkono na sukari. Mlango huu sumu haiugusi. Kinachouendesha ni bomba lililo upande wa pili wa chembe, lisilochoka kuitoa sodiamu nje, nalo liligunduliwa na Mdenishi Jens Skou mwaka wa 1957 katika mishipa ya fahamu ya kaa. Na nani angedhani kwamba kaa ana neno la kusema juu ya waba?

Mwaka wa 1968, katika mji wa Dhaka, David Nalin na Richard Cash walithibitisha kwamba wagonjwa wanywao chumvi na sukari pamoja huhitaji maji machache sana ya mshipani. Vita vya ukombozi wa Bangladesh vya 1971 vikawasukuma wakimbizi hadi Bangaon, India, ambako wagonjwa walilazwa sakafuni na maji ya mshipani yakawa haba. Hapo tabibu Dilip Mahalanabis akaagiza kila lita ya maji itiwe gramu 22 za glukosi, 3.5 za chumvi na 2.5 za bikaboneti, ikajazwa katika mapipa yenye bilula. Vifo, vilivyokuwa kama 30 katika kila wagonjwa mia, vikashuka chini ya vinne. Wauguzi hawakutosha; akina mama na jamaa za wagonjwa ndio waliokaa kitako usiku kucha ubavuni mwao, kikombe mkononi, wakikijaza upya kila mgonjwa alipohara.