Kuvika Dhahabu

Geita humwambii mtu kitu ni cha dhahabu akakubali kabla ya kukigeuzageuza mkononi. Soko la dhahabu la mji huo, lililofunguliwa Machi 2019, lina mizani na vipimo vyake. Ndiyo maana neno la Kiingereza gilding, ambalo humkuta kila anayejifunza kupaka rangi majeshi ya vijisanamu ili ayauze mtandaoni, linastahili Kiswahili kisichodanganya.

Vijisanamu hivyo ni vya plastiki au resini. Askari mmoja ana kimo cha milimita 28 hivi, na jeshini wamo mazimwi, mifupa inayotembea na mashujaa wa ngano za kubuni. Huuzwa vikiwa vya kijivu, na wako wachezaji Ulaya na Marekani wanaolipa mtu awapakie rangi kikosi kizima.

Tafsiri inayokuja haraka ni "kupaka dhahabu". Mimi siipendi, kwa sababu inachanganya dhahabu na rangi yake.

Fundi wa kale alifua dhahabu hadi ikawa utando wa karibu sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, gramu moja ikafunika kama nusu mita ya mraba. Njia yake nyingine mchimbaji mdogo wa Nyarugusu, huko huko Geita, ataitambua bila kuelezwa: dhahabu ilichanganywa na zebaki, uji huo ukapakwa juu ya shaba au fedha, kisha ukachomwa. Zebaki ilipaa, dhahabu ikang'ang'ania. Nyarugusu huchoma ili wapate dhahabu yenyewe. Mafundi wa Ulaya walichoma ili wapambe vinara na saa. Mvuke ni uleule, na uliwadhuru vilevile. Mwaka 1840 akina Elkington wa Birmingham walipata hataza ya kufanya kazi hiyo kwa umeme, na ndiyo ambayo masonara wetu huiita kuchovya.

Rangi ya kidhahabu ya kofia ya kijisanamu haina hata chembe ya dhahabu. Mng'ao wake hutoka kwenye vipande vidogo vya ulanga, yaani mika, vilivyovikwa oksidi za titani na chuma, au kwenye unga wa shaba na zinki. Vipande hivyo huzama chini ya kichupa kama dhahabu kwenye karai, hivyo lazima utikise sana. Maji ya kuoshea brashi ya rangi hiyo nayo yatengwe. Ukisahau, joho jeusi la mchawi litametameta. Rangi hiyo hupakwa juu ya kahawia, maana yenyewe haifuniki vizuri. Kisha kahawia iliyozimuliwa sana huachwa itiririke kwenye mikunjo, na kingo za ngao zikaguswa kwa rangi ya fedha kidogo.

Biblia ya Kiswahili, ikieleza sanduku la agano, imesema kufunika. Ni neno zuri, ila hata turubai hufunika. Nachagua kuvika dhahabu kwa njia zote zinazotumia dhahabu halisi: utando, zebaki au umeme. Tunavika pete, tunavika taji, na aliyevikwa hubaki yeye yule. Shaba iliyovikwa dhahabu nayo ni shaba.

Basi wewe unayeuza jeshi lako kutoka Geita au Kahama, kwenye maelezo ya bidhaa andika "rangi ya kidhahabu". Mnunuzi akiona jina la mji wako na neno dhahabu pamoja, ana haki ya kudhani ni ile ya mgodini.