Lodwar: Ufunguo wa Mlango Alikuwa Nao Nani?

Ukitoka Kitale, barabara inakupandisha kwanza hadi Kapenguria penye baridi, kisha inakuteremsha kwa kona za Marich. Huko chini lazima uvue sweta. Unabaki na tambarare, migunga na jua, mpaka uone mstari wa kijani: mikoma ya Mto Turkwel. Umefika Lodwar, mji wa kando ya mto uliozungukwa na vilima vya mawe.

Maji ya Turkwel yanatoka mbali, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ambako mto unaitwa Suam. Yanapita Lodwar na kuishia Ziwa Turkana. Kwa msafiri, mji huu ni mlango: kusini kuna milima ya Pokot, mashariki ziwa, na kaskazini-magharibi Kakuma na Lokichogio, hadi Sudan Kusini. Lakini mlango hufunguliwa na hufungwa pia, na Lodwar wanajua hilo vizuri.

Mwaka wa 1918, msafara wa kijeshi wa Waingereza ulioitwa Labur Patrol uliwapiga Waturkana na kuwapokonya mifugo. Baadaye Turkana ikawa wilaya iliyofungwa: mgeni haingii bila kibali, na sheria ya 1934 ikakaza uzi zaidi. Shule na barabara zikajengwa kwingine. Ndiyo maana hadi leo unaweza kumsikia mtu wa Lodwar akisema anasafiri kwenda "Kenya".

Ukali huo wa nchi ulimfaa mkoloni. Jomo Kenyatta, aliyehukumiwa Kapenguria mwaka wa 1953, alitumikia kifungo chake Lokitaung, kaskazini zaidi. Kifungo kilipokwisha mwaka wa 1959 hakurudishwa nyumbani. Alipelekwa Lodwar, akazuiliwa huko hadi 1961 alipohamishiwa Maralal. Hapakuhitajika ukuta mrefu. Jangwa lenyewe lilikuwa askari.

Bendera ikabadilika, lakini kibali hakikuisha. Mwaka wa 1992, maelfu ya wavulana wa Sudan waliokuwa wametembea kutoka Ethiopia walifika Kakuma, mwendo wa kama kilomita 120 kutoka Lodwar, na kambi ikaanzishwa. Leo Kakuma na makazi jirani ya Kalobeyei yana watu zaidi ya 200,000. Kuna maduka, shule, misikiti, makanisa, na watoto waliozaliwa humo na sasa wana watoto wao. Lakini kwa miaka mingi mkimbizi aliyetaka kwenda Nairobi, hata kumwona daktari, alihitaji karatasi ya ruhusa mkononi. Wenyeji nao walipokea majirani wengi kwenye ardhi ambayo serikali ilikuwa imeisahau kwa miongo.

Hata hivyo kuna waliopenya. Mwaka wa 2016, wakimbiaji watano kutoka Kakuma walishiriki Olimpiki ya Rio katika timu ya kwanza ya wakimbizi. Aliyewachukua na kuwanoa kule Ngong ni Tegla Loroupe, binti wa Pokot, kule juu kwenye milima ile ile ya njiani.

Kwa hiyo ukishuka Lodwar na begi lako, piga picha ya mto, nunua kikapu cha ukindu wa mkoma, panda gari la Kakuma. Kumbuka tu kwamba kwenye kizuizi cha polisi, wewe utaonyesha kitambulisho na kupita. Abiria wa kiti cha pili huenda akaambiwa ashuke.