Magitaa Mawili na Nyimbo za Ng'ambo

Katika mwaka wa 1967 ilitolewa katika nchi ya Hispania santuri iliyoitwa "Dos guitarras flamencas en América Latina", yaani magitaa mawili ya flamenko katika Amerika ya Kilatini. Wapigaji wake walikuwa ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja, Ramón de Algeciras na Paco de Lucía. Walichukua nyimbo zilizopendwa na watu wa ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, wakazipiga kwa mkono wa Andalusia, gitaa likishika nafasi ya mwimbaji. Mwaka huo huo Paco alitoa santuri yake mwenyewe, "La fabulosa guitarra de Paco de Lucía", nayo ndiyo inayotajwa zaidi katika habari za maisha yake. Ile ya magitaa mawili aghalabu hupitwa kwa maneno machache, kama bidhaa ya sokoni. Hukumu hiyo yafaa kupimwa tena, kwa kuwa ndani yake mna swali kubwa: sanaa ya watu huharibika kwa kuchanganyika, au huishi kwayo?

Algeciras ni mji wa bandari, nao unatazamana na Gibraltar na pwani ya Moroko. Baba yao, Antonio Sánchez Pecino, alipiga gitaa usiku ili nyumba ipate chakula. Ramón, aliyezaliwa mwaka wa 1938, alijifunza kwanza, kisha akamfundisha mdogo wake, aliyezaliwa tarehe 21 Desemba 1947. Jina la huyo mdogo lilikuwa Francisco Sánchez Gómez. Lakini mtaani aliitwa Paco wa Lucía, kwa jina la mama yake aliyetoka Ureno, na jina hilo likamfuata duniani kote. Mwaka wa 1963, akiwa bado kijana sana, alisafiri Marekani pamoja na kundi la ngoma la José Greco. Huko New York alikutana na Sabicas, fundi mkubwa aliyeiacha Hispania wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe na kuishi Amerika. Sabicas alimsikiliza kijana akipiga mapigo ya wengine, akamwusia atafute yaliyo yake.

Wakati huo Hispania ilikuwa na mabishano makali juu ya usafi wa flamenko. Mwaka wa 1922 Manuel de Falla na Federico García Lorca walikuwa wamesaidia kuandaa mashindano ya uimbaji katika mji wa Granada, ili nyimbo za kale zisipotee. Mwaka wa 1956 mashindano mengine yalifanywa Córdoba. Na mwaka wa 1962 mwimbaji Antonio Mairena alitunukiwa Ufunguo wa Dhahabu wa uimbaji. Mwaka uliofuata Mairena na Ricardo Molina walitoa kitabu kilichozipanga nyimbo hizo kwa daraja na ukoo. Katika fikira za watu wa namna hii nyimbo zilizotoka Amerika zilikuwa wageni: zilikaribishwa barazani, hazikuingizwa ndani. Hofu yao haikuwa ya bure. Serikali ya Franco ilikuwa ikiitumia flamenko kuwavuta watalii, na kilichopigwa kwa ajili ya watalii mara nyingi kilikuwa ganda bila kiini. Mwacha asili ni mtumwa, nao waliogopa utumwa huo.

Walakini asili yenyewe yataka kuulizwa. Kwa karne nyingi merikebu zilikwenda Amerika kutoka Sevilla na Cádiz, zikibeba watu, nyimbo na vinanda vya nyuzi. Huko Kuba na Peru muziki wa Hispania ulikutana na ngoma za Waafrika waliopelekwa kwa nguvu katika minyororo. Kilichozaliwa hapo kilirudi Andalusia, na Wahispania wakakipa jina la nyimbo za kwenda na kurudi. Guajira, iliyotoka katika mashamba ya Kuba, ina mapigo 12: makundi mawili ya mapigo matatu matatu, kisha makundi matatu ya mapigo mawili mawili. Hesabu hiyo hiyo imo ndani ya soleá, wimbo unaoheshimiwa kuliko nyingi, ijapokuwa huko huanzwa mahali pengine. Rumba nayo ilirudi na mapigo manne, mepesi kwa mguu. Hata colombiana, iliyotungwa na Pepe Marchena katika miaka ya 1930, haikutoka Colombia isipokuwa kwa jina. Andalusia ilikuwa imekwisha zoea sauti ya ng'ambo hata ikaweza kujitungia mgeni wake yenyewe.

Basi ndugu wawili walipopiga nyimbo za Amerika hawakufungua mlango mpya. Walipita katika mlango wa zamani. Kazi hiyo ilikuwa na mafunzo yake. Mpigaji anayemfuata mwimbaji wa flamenko huweza kujaza nafasi kwa mapigo makali ya vidole, naye mwimbaji akabeba wimbo. Lakini wimbo unaojulikana na kila mtu hauna pa kujificha: gitaa moja lazima liuimbe waziwazi, na la pili liulinde kwa mizani. Mwaka wa 1973 Paco alipiga "Entre dos aguas", rumba katika santuri "Fuente y caudal", na Ramón akashika gitaa la pili. Kipande hicho kiliwafikia watu ambao hawakuwahi kusikiliza flamenko. Baadaye, katika safari ya Peru, alikutana na cajón, sanduku la mbao linalokaliwa na kupigwa kwa viganja, lililotokana na watumwa wa Kiafrika. Alilichukua, mpigaji wa Brazil Rubem Dantas akalipiga katika kundi lake, na baada ya miaka michache ilikuwa vigumu kuona jukwaa la flamenko lisilo na sanduku hilo.

Wenye kutetea usafi walipata hasara yao pia. Rumba ilijaa masokoni, na wengi walioiga mbio za vidole vya Paco hawakuiga mizani iliyozifunga mbio hizo. Lakini kosa la mwigaji si kosa la mchanganyiko.

Paco alifariki Mexico tarehe 25 Februari 2014. Santuri yake ya mwisho, "Canción andaluza", ilitoka baada ya kufa kwake, nayo haikuwa ya soleá wala ya utunzi mgumu. Ilikuwa ya nyimbo za watu alizozisikia utotoni, za namna ile ile aliyoipiga pamoja na kaka yake katika miaka ya 1960. Ramón alikuwa amekwisha tangulia mwaka wa 2009. Mtu aliyekwisha sifiwa kwa kila jambo gumu hurudi kwa hiari yake katika lile alilolipenda. Mwacha asili ni mtumwa, ni kweli. Lakini asili ya bandari ni merikebu ziingiazo na zitokazo.