Miaka 100 ya Zhi Gong, na Mingine Kabla Yake

Oktoba 2025 chama cha Zhi Gong kilitimiza miaka 100 tangu kiasisiwe San Francisco. Mzizi wake ni wa zamani zaidi: Tiandihui, Chama cha Mbingu na Ardhi, kilichoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1760 katika hekalu la Gaoxi, jimbo la Fujian nchini China, na mtawa wa Kibudha aitwaye Ti Xi.

Wanachama husimulia vingine. Eti watawala wa Qing walilichoma hekalu la Shaolin, watawa watano wakanusurika na kuapa kuurudisha ufalme wa Ming uliotangulia Qing. Hadithi tamu, ila ilitungwa baadaye. Yan Yan, mchuuzi wa nguo aliyekipeleka chama Taiwan mwaka 1783, alipokamatwa hakumtaja mfalme yeyote. Alisema ukijiunga utachangiwa harusi na msiba, ukigombana na watu utasaidiwa, ukivamiwa na wanyang'anyi utawaonyesha ishara wakuache upite. Kwa vijana masikini waliohama makwao, hicho kilikuwa chama cha kufa na kuzikana, tena chenye kiapo cha damu.

Siasa, kwa maoni yangu, walisukumiwa na serikali. Lin Shuangwen alipoasi Taiwan mwaka 1787, Qing walianza kuwasaka wanachama kila pembe, nao wakatawanyika na chama chao. Wahamiaji wakakifikisha Penang, ambako mwaka 1867 makundi hasimu yalipigana mitaani kwa siku kadhaa, na Singapore, kilikopigwa marufuku kuanzia 1890. Wachimba dhahabu wakakipeleka Marekani na Kanada.

Huko ndiko mwanamapinduzi Sun Yat-sen alikokuja kukihitaji. Alikula kiapo Honolulu mwaka 1904, na mwaka 1911 wanachama wa Victoria, Kanada, waliweka rehani jengo lao ili apate fedha za mapinduzi. Jamhuri ikapatikana, wao wakaambulia patupu. Mwaka 1925 wakaunda chama cha siasa, ndicho Zhi Gong, na kiongozi waliyemchagua alikuwa Jenerali Chen Jiongming, hasimu mkubwa wa Sun!

Leo Zhi Gong ni kimojawapo cha vyama vinane vinavyoruhusiwa China kando ya Chama cha Kikomunisti. Mwaka 2007 Wan Gang, mhandisi wa magari na mwanachama wake, aliteuliwa Waziri wa Sayansi na Teknolojia. Hong Kong, matawi mengine ya mzizi huohuo yaligeuka magenge ya uhalifu, na huko hata kujidai tu kuwa mwanachama wa genge la namna hiyo ni kosa la jinai.