Nyasi ya Turkana Ugenini

Leo tunazungumzia nyasi moja tu. Wataalamu huiita Cenchrus ciliaris. Mkiiona mtaitambua: huota kwa vichaka, na suke lake lina manyoya kama mkia wa mbweha. Kwetu ni nyasi yenye heshima. Wafugaji wa Kitui, Makueni na Kajiado huipanda kwa malisho, maana mizizi yake huenda chini sana na jua haliiui upesi.

Sasa sikilizeni safari yake. Wamarekani walitafuta nyasi ya kuvumilia ukame, ilishe ng'ombe na kushika udongo. Mwaka 1946 mbegu kutoka Turkana, kaskazini mwa Kenya, zilijaribiwa San Antonio, katika jimbo la Texas. Zikastawi. Wafugaji wakazipanda, nyasi ikaenea hata jangwa la Sonora, lililoko Arizona na Meksiko.

Je, kosa lilikuwa wapi? Katika jangwa lile mimea ya asili huota mbalimbali, na katikati udongo ni mtupu. Moto ukitokea hukosa njia. Nyasi ngeni ikajaza nafasi zile. Ikikauka huwaka kwa nguvu, na mvua ikinyesha huchipua tena. Lakini saguaro, mmea mnene wa miiba wa jamii ya dungusi, haukuzoea moto. Huweza kuishi zaidi ya miaka 100, na moto mmoja tu waweza kuumaliza. Humo ndimo kigogota hutoboa kiota, na bundi wadogo hurithi tundu lake. Mmea ukifa, ndege hao wamekosa nyumba.

Mwaka 2005 jimbo la Arizona liliitangaza nyasi hii kuwa gugu baya. Wakazi wa Tucson huing'oa kwa sururu, mizizi na yote, uani na vilimani. Hurudi tena mwaka unaofuata, maana mbegu hubaki udongoni.

Ndugu wakulima, nyasi yenyewe haina kosa. Hapa kwao ina mahali pake. Basi mtu akikuletea mbegu ya nyasi kutoka mbali, usiulize tu kama ng'ombe wataila. Kabla ya kupanda, muulize bwana shamba: Je, itaenea? Itawaka? Na uani kwako acha ukingo wa nyasi za asili; ndege wa hapo wanazijua.

Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa mbegu, kwanza mjue mgeni ni nani. Kwaherini.