Sabuni ya Nyumbani: Kutoka Majivu Mpaka Soda

Hapa kwetu Nyantende watu wengi wanasema sabuni ililetwa na wazungu. Watoto wanasikia vile, na sisi wakubwa tunaitikia. Lakini tuulize: mbele ya duka la kwanza kufunguliwa, wazee wetu walikuwa wanaishi katika uchafu? Hapana. Kilicholetwa ni kipande kigumu chenye jina na karatasi. Akili ya kuondoa uchafu ilikuwa tayari katika milima hii.

Tuanze na majani. Kuna mti mdogo wa kutambaa wenye matunda madogo, wataalamu wanauita Phytolacca dodecandra. Unaota pia katika milima yetu. Matunda yake yakipondwa ndani ya maji yanatoa povu, na katika inchi nyingi za Afrika ya Mashariki akina mama waliyatumia kwa kufua. Hayaliwi, ni sumu. Mwaka 1964, kule Ethiopia, daktari Aklilu Lemma aliona konokono wengi wamekufa mtoni pale wanawake walipokuwa wanafua na matunda hayo. Konokono hao ndio wanabeba bilharzia. Yeye na mwenzake Legesse Wolde-Yohannes walipewa zawadi ya Right Livelihood mwaka 1989. Lakini aliyeanza kazi ile ni mama wa mtoni.

Kisha majivu. Bushi ni inchi ya migomba. Majivu ya maganda ya ndizi yana potasi nyingi. Ukipitisha maji polepole juu yake, yanatoka yakiteleza na kuuma mukononi. Maji hayo yakipikwa pamoja na mafuta, sabuni inapatikana, laini na yenye rangi ya giza. Ndiyo ginsi watu wa Ghana na Nigeria wanafanya sabuni yao nyeusi mpaka leo, na wanaiuza hata Ulaya. Ngozi nayo ilikuwa na dawa yake: kwa mufugaji, mafuta ya ng'ombe yalikuwa ya kujipakaa, si ya kula tu.

Sasa wakoloni. Mwaka 1911 serikali ya Ubeleji ilipatana na Mwingereza William Lever, tajiri wa sabuni, akapata ruhusa ya kuvuna ngazi katika sehemu kubwa za Kongo. Makao yake kule Kwilu yaliitwa Leverville, leo ni Lusanga. Watu walilazimishwa kukata ngazi kwa malipo madogo, na mwaka 1931 Wapende waliasi. Mafuta yalikwenda kwenye viwanda, na sabuni ikarudi dukani kwa bei. Hivi aliyepanda juu ya mungazi alinunua tena jasho lake mwenyewe. Na polepole tulianza kuona haya juu ya majivu, tukiyaita mambo ya washenzi.

Halafu vita vya 1996 na 1998 vilikuja. Njia zilifungwa, bei ya sabuni ya kiwanda ikapanda, mifuko ikawa mitupu. Familia nyingi za Kivu zilirudia kupika sabuni, lakini safari hii kwa soda kostike ya kununua na mawese ya Fizi, Shabunda ao Bunyakiri, kwani huku juu baridi haipendi mungazi. Soda inafanya sabuni ngumu, majivu yanafanya laini. Tofauti ni hiyo tu. Kazi ni ileile ya bibi zetu.

Kipimo ni hiki: kwa kilo moja ya mawese, gramu 135 za soda na gramu 350 za maji. Soda ndiyo inamwagwa ndani ya maji. Usimwage maji juu ya soda, yataruka usoni. Usitumie sufuria ya aluminiumu, soda inaila; chukua ndoo ngumu ya plastiki. Koroga mpaka iwe nzito kama uji, mwaga katika sanduku, kata kisha siku moja ao mbili, halafu ngoja juma nne. Kwa mwenye haraka, sabuni itamuunguza ngozi. Na soda isikae hata dakika moja karibu na watoto: maji yake yanafanana na maji ya kunywa, lakini yanaunguza koo kwa maisha yote.

Siku hizi vijana wanaonyeshana katika simu vidonge vya kuogea vinavyochemka ndani ya maji. Mwingereza Mo Constantine ndiye aliyevifanya, mwaka 1989: soda ya bikarbonate na asidi kama ile ya ndimu, vikigusa maji vinatoa hewa. Ni vizuri, lakini vinaomba mutu awe na beseni la kulala ndani, na sisi maji tunabeba kwa bido. Ndani yake hata hivyo kuna ndugu ya soda yetu tu.

Kwa hiyo tusichukie vya wengine, lakini tusitupe vyetu. Kipimo cha soda kimeandikwa katika vitabu. Kipimo cha majivu, migomba gani na maji kiasi gani, kimebaki katika mikono ya mama wachache wazee. Wanafunzi wetu waende kuketi karibu nao na daftari, mbele mikono hiyo haijapumzika.